Kusoma Dalili za Umaliziaji Unaoharibika Ndani ya Nyumba: Rangi, Vigae, Mbao, Mawe na Vitambaa

Rangi ikibambuka, kigae kikilia kama debe tupu au mlango wa kabati ukivimba ukingoni, wazo la kwanza la mwenye nyumba huwa ni kwamba aliuziwa kifaa kibovu. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, kifaa kilikuwa kizuri ila kiliwekwa mahali pasipokifaa, au kilibandikwa juu ya kitu ambacho hakikuwa tayari kukipokea. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa anayebadilisha tabaka la juu bila kuondoa chanzo kilicho chini yake hulipia kazi ileile mara mbili.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, unarudi nyuma hadi kwenye chanzo, na hapo ndipo unapozungumzia kifaa cha kuchagua safari ijayo. Kabla ya kubandua chochote, jiulize maswali matatu: tatizo liko wapi hasa, lilianza lini, na lina umbo gani. Majibu hayo matatu huondoa nusu ya dhana potofu. Vifaa vya uchunguzi ni vya kawaida: sarafu, kisu chenye makali, kipande cha nailoni, utepe wa gundi, kikombe cha maji, nusu ya limau na tochi ya kumulika ukutani kwa upande. Jambo moja la istilahi: wengi huita vigae vya sakafu marumaru, lakini humu marumaru ni jiwe lenyewe linalochimbwa, na vigae ni vile vilivyofinyangwa na kuchomwa. Mawili hayo huharibika kwa njia tofauti kabisa.

Rangi inabambuka, inatoa malengelenge au inageuka unga

Anza na mahali. Malengelenge yaliyo sehemu ya chini ya ukuta, kuanzia sakafuni hadi kimo cha takriban mita 1, kwa kawaida hutokana na maji yanayopanda kutoka ardhini kupitia matofali na lipu, kwa sababu tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi halipo, limepasuka, au limerukwa na udongo uliolundikwa nje ya ukuta. Malengelenge yaliyokusanyika mahali pamoja, yanayozidi kila bafu linapotumika, yanaelekeza kwenye bomba au kwenye kiungo cha vigae upande wa pili wa ukuta. Yale ya juu, karibu na dari, yanaelekeza kwenye paa. Rangi inayobambuka ukuta mzima bila kujali kimo ni habari nyingine: hapo chunguza maandalizi yaliyofanywa kabla ya kupaka.

Ili kujua unyevu unatoka wapi, kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasiwe na upenyo, kisha uiache kwa saa 24 hadi 48. Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa nje, unaotazama chumba, ni mvuke wa hewa ya chumbani unaogeuka maji juu ya ukuta wenye ubaridi, na dawa yake ni kupitisha hewa. Jaribio hili halihitaji fundi, na ninalisisitiza kwa sababu nimeona kuta nyingi zikipakwa rangi ya kuzuia maji kwa ndani huku maji yakiendelea kuingia kwa nje. Rangi ya aina hiyo haiyaondoi maji. Huyasukuma yapande juu zaidi au yatokee upande mwingine, na baada ya muda huinuliwa nayo.

Unga mweupe unaotoka ukutani huitwa fangasi na watu wengi, wakiwemo mafundi, na jina hilo huwapeleka kwenye dawa isiyohusika. Ni chumvi. Maji yanapopita ndani ya matofali na saruji huyeyusha chumvi zilizomo, huzileta usoni, kisha hukauka na kuacha fuwele zinazosukuma rangi na kuivunja lipu. Njia ya kutofautisha ni rahisi: chumvi huyeyuka ukiigusa kwa kidole chenye maji, kuvu haiyeyuki. Isafishe kwa brashi kavu, si kwa maji, kwa kuwa maji huirudisha ndani. Baada ya kuziba njia ya maji, uache ukuta ukauke kwa miezi kadhaa ikibidi, ubandue lipu iliyojaa chumvi, kisha uchague rangi inayopitisha mvuke, kama ile ya chokaa au ya silikati. Rangi ngumu yenye kung'aa kwenye ukuta wa namna hii ni kosa hata ikiwa ya bei ya juu kuliko zote dukani.

Rangi ikibambuka ndani ya wiki chache juu ya lipu mpya, chanzo kiko kwenye saruji. Saruji mbichi ina ukali wa kialkali wenye pH ya 12 hadi 13. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake hupatwa na kilekile kinachotokea mafuta yanapochanganywa na magadi makali: hugeuka sabuni. Utaigundua kwa kunata na ulaini wake, na kwa jinsi inavyovulika kama ngozi. Kanuni ya kawaida ni kuipa lipu ya saruji siku 28 angalau, kisha kutumia praima inayostahimili alkali kabla ya rangi yenyewe.

Palipo na mashaka, tumia kisu na utepe. Chora alama ya msalaba hadi kwenye lipu, bandika utepe wenye nguvu, usugue, kisha uuvute kwa ghafla. Rangi ikitoka na unga wa lipu au puti mgongoni mwake, msingi ni dhaifu: puti ya ndani ilipakwa mahali penye unyevu, au vumbi la msasa halikufutwa. Ikitoka safi na kuacha rangi ya zamani chini yake inang'aa, basi rangi mpya ilipakwa juu ya rangi ya mafuta bila kupigwa msasa. Tahadhari hapa si ya kupuuzwa: rangi za miongo iliyopita zinaweza kuwa na madini ya risasi (Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978), na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Rangi ya zamani usiyoijua asili yake ipimwe kwanza, na isikwanguliwe kwa msasa mkavu.

Madoa meusi kwenye pembe na nyuma ya makabati

Hii sasa ndiyo kuvu. Huota pale ambapo unyevu wa hewa inayogusa uso wa ukuta unakaa kwenye asilimia 80 au zaidi kwa muda mrefu, na ndiyo sababu huchagua pembe, nyuma ya makabati na juu ya bafu, mahali hewa isipozunguka. Tone la dawa ya klorini iliyozimuliwa huthibitisha: doa likififia baada ya dakika chache ni kuvu, likibaki vilevile ni uchafu au masizi. Kamwe usichanganye klorini na siki, asidi ya kusafishia vyoo au dawa yenye amonia, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Kusafisha hakutoshi ikiwa kifaa chenyewe ni chakula cha kuvu. Bodi ya kawaida ya jipsamu imefunikwa kwa karatasi pande zote mbili, na karatasi yenye unyevu hulisha kuvu vizuri sana. Bodi ya kijani imetiwa dawa ya kupunguza unyonyaji, inafaa kwa dari ya bafu na ukuta wa jikoni, lakini haifai ndani ya eneo la kuogea. Pale panahitaji bodi ya saruji iliyopakwa tabaka la kuzuia maji. Karatasi ya ukutani yenye uso wa plastiki nayo huficha kuvu kwa miezi, kwani hufunga unyevu kati yake na ukuta. Makabati yaachiwe nafasi ya sentimita 5 hivi nyuma yake, na unyevu wa chumba ushushwe chini ya asilimia 60.

Rangi nyeupe inageuka njano

Ukiondoa picha au kabati na kukuta nyuma yake pana njano kuliko ukuta uliobaki, umeona tabia ya rangi ya mafuta: huwa njano gizani, wala si juani kama watu wanavyodhani. Kwa milango na fremu nyeupe chagua rangi ya maji yenye akriliki. Njano au hudhurungi inayojitokeza kama duara kwenye dari ni alama ya maji, na rangi ya maji haitaifunika hata ukipaka mara tano, kwa sababu alama hiyo huyeyuka ndani ya kila tabaka jipya. Praima ya shelaki huizuia, kama inavyozuia utomvu wa vifundo vya mbao.

Vigae vinalia uwazi, vinainuka, vinapasuka au vinateleza

Gonga kwa sarafu kigae baada ya kigae na uweke alama kwenye vile vyenye mlio wa uwazi. Umbo linalojitokeza ndilo jibu. Uwazi kwenye pembe za karibu kila kigae unaonyesha kwamba fundi aliweka mafungu matano ya gundi, moja katikati na manne kuelekea pembe bila kuzifikia, badala ya kuitandaza kwa mwiko wenye meno. Kigae cha namna hiyo hupasuka pembeni kikiangukiwa na kitu, na katika bafu maji hukusanyika ndani ya uwazi huo. Gundi inapaswa kugusa angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae sehemu kavu, na asilimia 95 sehemu zenye maji. Njia ya pekee ya kuhakikisha ni kukibandua kimoja mara tu baada ya kukiweka na kukitazama mgongoni.

Uwazi uliotanda katika eneo zima, huku vigae vikibanduka na mgongo wake ukiwa safi bila gundi, una chanzo kingine, nacho kinatokana na desturi ya zamani. Vigae vya seramiki vya ukutani hunyonya maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, na vilipokuwa vikibandikwa kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, mafundi walivilowesha kwanza ili visinyonye maji ya saruji. Vigae vya poseleni hunyonya asilimia 0.5 au chini ya hapo. Saruji tupu haina pa kujishikiza, na kuvilowesha huongeza utando wa maji katikati. Poseleni inahitaji gundi ya vigae iliyochanganywa polima, kigae kikiwa kikavu na vumbi la mgongoni limefutwa. Gundi iliyokwisha kufanya ngozi juu yake kabla kigae hakijawekwa nayo hutoa dalili ileile, kwa hiyo fundi asitandaze eneo kubwa kwa mara moja.

Vigae vinavyoinuka kwa mstari kama paa la hema, wakati mwingine kwa kishindo kinachoshtua nyumba nzima, vinasema kwamba havikuachiwa nafasi ya kutanuka. Zege la chini huendelea kusinyaa kwa muda mrefu baada ya kumwagwa, wakati vigae juu yake vinatanuka kwa joto na unyevu. Nguvu hizo mbili zinapokutana na vigae vimebanwa ukuta kwa ukuta, kinachoweza kwenda ni juu tu. Panahitajika mwanya wa kuzunguka chumba chote, unaofichwa na skatingi, na viungo laini vya silikoni kila mita 6 au 7, karibu zaidi panapopigwa na jua. Mtindo wa kubana vigae bila mwanya wa grauti, yaani kijazio cha kati ya vigae, hupendeza machoni siku ya kwanza, nami siupendekezi popote.

Ufa ulionyooka unaopita vigae vingi haukuanzia kwenye vigae. Fuata mstari wake, na mara nyingi utakuta unakwenda sambamba na ufa wa zege au na mpaka kati ya sakafu ya zamani na mpya.

Grauti inayomomonyoka karibu na sinki na choo mara nyingi imeliwa na asidi ya kusafishia, kwa kuwa grauti ya saruji haistahimili asidi. Sehemu hizo zinafaa kutiwa grauti ya epoksi. Kwenye pembe, ukuta unapokutana na sakafu au ukuta mwingine, isitumike grauti kabisa bali silikoni ya bafuni, kwani pembe husogea na grauti haikunjiki.

Kuhusu kuteleza na kuchakaa, namba zilizo kwenye boksi husaidia kuliko macho. Daraja la PEI, kuanzia 1 hadi 5, huonyesha jinsi uso uliopakwa gilasi (tabaka la kioo lililochomewa juu ya kigae) unavyostahimili kusuguliwa na miguu. Daraja la 3 linatosha vyumba vingi vya nyumba, na 4 au 5 ni la korido na lango la kuingilia. Alama za R9 hadi R13 huonyesha jinsi sakafu inavyozuia viatu visiteleze, R9 ikiwa ndiyo inayoteleza zaidi kati ya hizo, na kwa miguu mitupu hutumika A, B na C, ambapo sehemu ya kuogea inataka B. Kigae chenye kung'aa kilichopoteza mng'ao mlangoni hakikuwa kibovu: mchanga una kwatsi, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, na gilasi nyingi hazifikii hapo. Mkeka mrefu wa mlangoni una faida kubwa kuliko dawa yoyote ya kung'arisha.

Sakafu ya mbao inajikunja, inaachana au inainuka

Mbao hairuhusu kuhukumiwa haraka. Hutanuka ikipokea unyevu na kusinyaa ikikauka, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na ubao uliopasuliwa sambamba na duara za ukuaji husogea karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo wa mti. Kwa hiyo umbo la ubao ni barua inayosomeka. Kingo zikiinuka na katikati pakabonyea, upande wa chini una unyevu mwingi kuliko wa juu: tafuta bomba linalovuja, au zege ambalo halikuwa limekauka. Katikati pakivimba na kingo zikashuka, ama maji yalimwagwa juu, ama sakafu iliyokuwa imejikunja ilipigwa msasa mapema, kisha ikakauka na kurudi ilivyokuwa huku kingo zake zikiwa zimekwisha kuliwa. Kosa hili la pili ni la kusikitisha, kwa maana uvumilivu ungeokoa sakafu yote: ondoa chanzo, acha ubao ukauke, na mara nyingi hunyooka wenyewe.

Hapa kuna kosa linalowakumba hata mafundi makini. Siku 28 za zege ni za kupata nguvu, si za kukauka. Tabaka la saruji la sakafu hukadiriwa kukauka kwa siku 1 kwa kila milimita 1 ya unene hadi milimita 50, na zaidi ya hapo polepole zaidi, tena katika hewa nzuri; tabaka la milimita 50 linataka takriban miezi miwili, na zege nene zaidi huchukua miezi mingi. Mbao nazo zipimwe kwa kipimo cha unyevu badala ya kuhesabiwa siku za kukaa chumbani. Ikiwa chini ya ubao mwembamba wa sakafu kuna sakafu nyingine ya mbao, tofauti ya unyevu kati yao isizidi asilimia 4, na kwa ubao mpana isizidi 2. Mwanya wa milimita 10 hadi 15 ubaki kando ya kuta zote, na makabati mazito yasifungwe juu ya sakafu inayoelea, yaani isiyogundishwa wala kupigiliwa chini.

Laminati iliyovimba kwenye viungo haiponi. Kiini chake ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa, nazo zikishavimba hazirudi. Badilisha vipande hivyo, na kwa jikoni au lango la kuingilia fikiria vinili au vigae. Daraja la AC kwenye boksi, AC3 kwa nyumba na AC4 au AC5 kwa ofisi, hupima uchakavu wa uso tu, halisemi lolote la uhakika kuhusu maji. Wanunuzi wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Madoa kwenye mbao iliyopakwa vanishi yasomwe kwa rangi. Duara jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, haujafika kwenye mbao, na mara nyingi huondoka kwa joto dogo au kwa kusuguliwa taratibu. Doa jeusi limefika ndani, ambapo chuma, maji na tanini ya mbao vimekutana. Asidi ya oksaliki huling'arisha, kwa glavu na hewa ya kutosha. Vanishi inayovulika kwenye msaji hutokana na mafuta ya asili ya mti huo, yanayozuia kushika. Futa uso kwa kiyeyushi muda mfupi kabla ya kupaka, au tumia mafuta ya mbao badala ya vanishi. Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke au vitiwe kwenye maji, kwani vikifungwa lundo hupata moto vyenyewe na kuwaka.

Unga laini chini ya matundu madogo ya mviringo ni wadudu wanaobungua. Mirija ya udongo ukutani na mbao inayolia uwazi ni mchwa. Wabunguaji wengi hufuata sehemu nyeupe ya nje ya mti, hivyo kiini kilichokomaa ni chaguo salama zaidi. Mchwa wanahitaji dawa ya udongo na msingi, wala si vanishi.

Kabati la jikoni linavimba, ukanda unabanduka, bawaba zinang'oka

Tazama palipovimba. Chini ya sinki, tundu la bomba lilikatwa na halikuzibwa. Miguuni, maji ya kupigia deki yanapandishwa na ubao uliokaa sakafuni. Miguu ya plastiki ya sentimita 10 hadi 15 huondoa tatizo hilo moja kwa moja. Juu ya birika au kando ya tanuri, mvuke na joto vimelainisha gundi ya kuyeyushwa iliyoshikilia ukanda wa ukingo.

Chipbodi (bodi ya chembe za mbao zilizogandamizwa) na MDF (bodi ya nyuzi za mbao) zinafaa vizuri kwa kabati la chumba kikavu, na MDF hupokea rangi kwa ulaini usiopatikana kwenye mbao nyingi. Udhaifu wao uko kingoni, ambako maji huingia bila kizuizi. Chini ya sinki ninachagua plaiwudi yenye gundi ya fenoli inayostahimili maji, ambayo mistari yake mara nyingi huonekana myeusi ubavuni, badala ya ile ya urea iliyo na mistari hafifu. Bawaba zilizong'oka kwenye chipbodi hazipati nafuu kwa kuongezewa urefu wa skrubu. Toboa tundu, gundisha kipande cha mbao ngumu, kisha ufunge upya. Harufu kali inayochoma macho kwenye kabati jipya ni fomaldehaidi kutoka kwenye gundi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo dai bodi ya daraja la E1 (inayotoa fomaldehaidi kidogo) au bora zaidi, ziba kingo zote, na upitishe hewa wiki za mwanzo.

Kaunta ya jiwe ina madoa au imepoteza mng'ao

Alama hafifu zisizofutika kwenye marumaru si uchafu. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, na limau, siki au sabuni yenye asidi huila papo hapo. Kizibio, yaani dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe, hakizuii jambo hili. Huzuia kunyonya tu. Anayetaka marumaru jikoni akubali uso usiong'aa, ambao alama hazionekani sana, au aipeleke mahali pengine. Baadhi ya mawe huuzwa kwa jina la granaiti ilhali si granaiti: dondoshea kipande cha sampuli maji ya limau, uache dakika chache, ufute, pakififia, jiwe hilo lina kalsiti, yaani kalsiamu kaboneti kama marumaru.

Granaiti ya kweli hustahimili asidi na joto, lakini inaweza kunyonya mafuta. Weka matone ya maji juu yake; jiwe likibadilika rangi ndani ya dakika chache, linahitaji kizibio. Doa la mafuta huvutwa nje kwa uji mzito wa magadi ya kuokea uliofunikwa kwa nailoni usiku kucha, pengine mara kadhaa.

Jiwe la kutengenezwa la kwatsi, lenye takriban asilimia 90 ya kwatsi na sehemu iliyobaki ya gundi ya plastiki, halinyonyi na halihitaji kizibio. Udhaifu wake uko kwenye hiyo gundi: sufuria iliyotoka motoni huacha alama ya kudumu au ufa, na jua la moja kwa moja huligeuza njano. Vumbi lake ndilo jambo zito zaidi. Kulikata jiwe hilo kikavu huwajaza mafundi vumbi la silika mapafuni na kuwaletea ugonjwa wa mapafu, na Australia ililipiga marufuku jiwe lenyewe kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya ugonjwa huo. Pale linaporuhusiwa, likatwe kwa maji, karakanani, na asiruhusiwe yeyote kulikata kwa mashine kavu ndani ya nyumba.

Vyuma, vitambaa na ngozi bandia

Vidoa vya kutu kwenye chuma kisichoshika kutu hutoka kwenye chumvi, klorini au vipande vya waya wa chuma uliotumika kusugulia. Chuma cha daraja la 304 kinatosha jikoni. Penye hewa ya bahari au bwawa chagua 316, ambacho kina molibdeni asilimia 2 hadi 3.

Kochi linalobambuka magamba baada ya miaka michache limefunikwa kwa ngozi bandia ya poliurethani, ambayo unyevu wa hewa huivunja taratibu hata bila kukaliwa, na hakuna mafuta wala dawa ya kuirudisha. Ngozi bandia ya PVC haibambuki magamba kwa njia hiyo, bali hukakamaa na kupasuka kadiri inavyopoteza kilainishi chake. Kwa kitambaa, uliza idadi ya mizunguko ya Martindale, yaani mara ngapi kitambaa husuguliwa kwa mashine ya kupimia kabla hakijachakaa: 20,000 hivi kwa kochi la kila siku, zaidi ya 30,000 kwa matumizi mazito. Mapazia yanayopauka yanataka kipimo cha kustahimili mwanga, kinachokwenda 1 hadi 8, na karibu na dirisha lenye jua nisingeshuka chini ya 6.

Kabla ya kununua kifaa mbadala

Omba sampuli na uipeleke kwenye chumba chenyewe, kwa kuwa rangi iliyochaguliwa chini ya taa za duka hubadilika chini ya taa nyingine. Itazame asubuhi na usiku. Kisha itese: tone la limau, tone la mafuta, mkwaruzo wa ufunguo, mchanga chini ya kiatu, na ukingo mmoja ndani ya maji kwa saa 24. Muuzaji anayekataa kutoa sampuli ya kuharibiwa amekwisha kukujibu. Ukishanunua, hifadhi vigae kadhaa vya akiba, kopo moja la rangi, na maboksi yenye namba za toleo, kwani kigae cha jina lilelile kutoka toleo jingine kinaweza kutofautiana kwa rangi na hata kwa ukubwa, na pengo hilo huonekana katikati ya sakafu.